Bila hati, lakini si bila sheria: polisi wanaweza kukukamata lini?

Waulize watu kumi pale stendi ya Nachingwea au sokoni Ruangwa mjini kama polisi anaweza kumkamata mtu bila hati ya mahakama, na utapata majibu ya aina mbili. Wapo watakaosema hapana: askari asiye na karatasi yenye mhuri wa hakimu hana ruhusa hata ya kukugusa. Na wapo watakaosema polisi ni serikali, humkamata amtakaye, mengine mtayajua mkifika kituoni. Majibu yote mawili yana kasoro, na kasoro hizo zina gharama. Anayeamini la kwanza hubishana na askari barabarani, akaishia kuongezewa kosa la kumzuia ofisa kutekeleza wajibu wake. Anayeamini la pili hukaa lokapu siku tatu kwa deni la laki mbili bila kuuliza chochote, huku ndugu zake wakihangaika kutafuta "hela ya dhamana" ambayo sheria haiitambui.

Uchambuzi huu unaeleza sheria inasema nini, mkanganyiko umetoka wapi, misimamo gani inashindana kuhusu mamlaka haya, na upi una uzito zaidi kwa wilaya za vijijini kama hizi mbili za Mkoa wa Lindi.

Mkanganyiko umetoka wapi

Sababu ya kwanza ni lugha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ilitungwa mwaka 1985 kwa Kiingereza na ikaendelea kutumika hivyo kwa miongo kadhaa. Ni mwaka 2021 tu Bunge lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na kazi ya kutafsiri sheria zote ni ndefu. Kwa hiyo kizazi kizima cha wakulima wa Mnacho, Mbekenyera, Naipanga na Kilimarondo kimeijua sheria ya ukamataji kwa kusimuliwa, na msimulizi mara nyingi ni mtu aliyewahi kukamatwa.

Sababu ya pili ni karatasi ya RB. Mtu akienda kituoni kutoa taarifa, malalamiko yake huandikwa katika kitabu cha taarifa na hupewa namba. Namba hiyo imepata umaarufu kuliko hati yenyewe. Utasikia mtu anatamba, "Nina RB yako mfukoni, leo utalala ndani." Ukweli ni kwamba RB inathibitisha kitu kimoja tu: kuna mtu alifika kituoni akasema jambo. Hakuna hakimu aliyeipima. Inaweza kuwa mwanzo wa upelelezi, na upelelezi unaweza kuleta sababu za kukamata, lakini peke yake haimpi mlalamikaji, mgambo wala mtendaji wa kijiji mamlaka ya kumfunga mtu kamba.

Sababu ya tatu ni wingi wa wanaokamata. Mwananchi hukutana na polisi, mgambo, askari wa wanyamapori na wa misitu, maofisa uhamiaji, TAKUKURU, na wakati mwingine mkuu wa wilaya mwenyewe. Kila mmoja ana sheria yake, na mwananchi anayeona watu wanne wenye sare tofauti wakifanya jambo lile lile hawezi kulaumiwa akidhani ni mamlaka moja.

Sababu ya nne ni hofu ya miaka ya karibuni. Septemba 2024, Ali Kibao, kiongozi wa Chadema, alishushwa kwenye basi jijini Dar es Salaam na watu wenye silaha, kisha akakutwa amekufa. Tukio hilo na mengine yaliyoripotiwa ya watu kuchukuliwa na wasiojulikana yamewafanya wananchi waulize kuhusu hati kwa sababu nyingine kabisa: wanataka kujua kama aliye mbele yao ni askari kweli.

Sheria yenyewe inasemaje

Msingi upo katika ibara ya 15 ya Katiba. Ibara hiyo inalinda uhuru wa mtu na kuruhusu akamatwe au afungwe katika hali mbili tu: kwa mazingira na utaratibu uliowekwa na sheria, au katika kutekeleza hukumu ya mahakama. Katiba haikusema kila ukamataji lazima uwe na hati. Iliachia sheria ya Bunge iweke utaratibu, na hapo ndipo inapoingia Sura ya 20.

Njia ya kawaida ni hati. Polisi hupeleka maombi kwa hakimu au mlinzi wa amani, akieleza kwa kiapo sababu za kumshuku mtu, na hakimu akiridhika hutoa hati. Njia ya pili, ile yenye utata, imo katika kifungu cha 14, kwa hesabu ya vifungu iliyozoeleka katika toleo la 2022. Humo askari anaruhusiwa kumkamata bila hati mtu anayevunja amani mbele ya macho yake, anayemzuia askari kwa makusudi asitekeleze kazi yake, aliyetoroka au anayejaribu kutoroka chini ya ulinzi halali, aliyekutwa na mali inayoshukiwa kwa sababu za msingi kuwa ya wizi, anayekutwa usiku barabarani, uani au mahali pengine na kushukiwa kwa sababu za msingi kuwa ametenda au yu karibu kutenda kosa, au ana silaha au vifaa vya kuvunjia nyumba bila maelezo ya halali, anayeaminika kuwa tayari hati yake imetolewa, anayeshukiwa kutenda nje ya nchi jambo ambalo lingekuwa kosa hapa, aliyetoroka jeshini, na anayedhalilisha bendera au nembo ya taifa.

Zaidi ya orodha hiyo, Jedwali la Kwanza la sheria hiyo linapitia makosa ya Kanuni ya Adhabu moja baada ya jingine na kueleza kwa kila kosa kama polisi anaweza kukamata bila hati au la. Mauaji, unyang'anyi, ubakaji na wizi yako upande wa kukamata bila hati. Makosa kadhaa madogo yako upande wa pili. Jedwali hili ni nadra kutajwa, ingawa ndilo linalojibu swali la wengi: kwa kosa hili mahususi, hati inahitajika?

Maneno yanayobeba uzito wote ni "sababu za msingi". Hebu tuyatazame yanavyofanya kazi. Ni Novemba, msimu wa korosho, saa tano usiku. Pikipiki iliyobeba magunia mawili inasimamishwa katika barabara ya kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea. Dereva anasema korosho ni za shambani kwake. Akiulizwa shamba liko wapi anasema ni za shemeji yake. Akiulizwa jina la shemeji anakaa kimya. Asubuhi ya siku hiyo kituoni palikuwa na taarifa ya ghala lililovunjwa. Askari akimkamata, ana sababu anazoweza kuzisimamia mbele ya hakimu, na akisubiri hati pikipiki itakuwa imefika Masasi. Sasa tubadili mambo machache. Ni saa nne asubuhi, mkulima anapeleka magunia yale yale kwenye ghala la chama cha msingi, mwenyekiti wa kitongoji anamjua, na hakuna taarifa yoyote ya wizi. Askari akimkamata kwa kuwa tu "siku hizi korosho zinaibwa sana", amekamata kwa hisia, na hisia hazimo katika kifungu cha 14.

Mfano huu una utata wake wa kienyeji. Tangu msimu wa 2007/08 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na biashara ya kangomba, yaani kununua korosho za mkulima nje ya mfumo kwa bei ya kutupa, imepigwa vita kwa nguvu, hasa katika msimu wa 2018 Serikali ilipoingiza jeshi katika ununuzi. Mtu anaweza kukutwa na korosho ambazo hazikuibwa lakini zimenunuliwa kinyume cha taratibu. Hilo ni jambo tofauti na wizi, lina sheria yake, na ofisa anayekamata anapaswa kujua anakamata kwa lipi.

Anapaswa kujua kwa sababu kifungu cha 23 kinamtaka amwambie mtu, wakati ule ule wa kumkamata, kosa analokamatiwa. Halazimiki kutumia lugha ya kisheria. Inatosha mtu aelewe kiini cha jambo. Kuna msamaha pale ambapo mazingira yenyewe yanajieleza, kama mtu aliyekutwa ndani ya duka lililovunjwa, au pale ambapo mkamatwaji mwenyewe anapigana hadi kuelezwa kunashindikana. "Twende, utajua mbele kwa mbele" haimo katika misamaha hiyo. Vilevile nguvu inayotumika isizidi ile inayohitajika. Anayejisalimisha kwa neno au kwa kitendo hana haja ya kuangushwa chini.

Baada ya kukamatwa: saa 24 na mianya yake

Kifungu cha 32 kinasema mtu aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, kama haionekani kuwezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo lazima achunguze shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kwake kuwa kubwa. Akibaki ndani, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kifungu cha 33 kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mkuu wa kituo anatakiwa kumpa hakimu wa karibu taarifa, ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, ya watu wote waliokamatwa bila hati, wawe wamepewa dhamana au la.

Kwa upande wa mahojiano, muda wa msingi ni saa nne, na unaweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa nane nyingine kwa utaratibu maalumu. Mtuhumiwa anaonywa kwamba halazimiki kusema, na ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Sasa angalia mianya. "Mapema iwezekanavyo" haina kipimo. "Kosa kubwa" linapimwa na mkuu wa kituo mwenyewe. Mtu anayechukuliwa Ijumaa jioni kutoka Kilimarondo wakati wa masika anaweza kuambiwa mahakama imefungwa, gari halina mafuta na barabara imejaa maji, na kila sababu ikawa ya kweli. Kenya ililiona tatizo hili ikaliandika katika ibara ya 49 ya Katiba yake ya 2010: saa 24, na zikiishia nje ya saa za mahakama, basi ni siku inayofuata ya kazi ya mahakama. Uganda, katika Katiba ya 1995, iliweka saa 48. Hapo mwenye ndugu ndani anajua siku na saa ya kudai. Kwetu anabaki kukisia.

Deni si jinai

Sehemu kubwa ya malalamiko ya ukamataji vijijini haihusu majambazi. Inahusu fedha: mkopo wa kausha damu uliochelewa kulipwa, ufuta uliochukuliwa kwa ahadi ya malipo baada ya mnada, pikipiki ya mkataba ambayo hesabu yake imekwama, mchango wa kikoba uliopotea mikononi mwa mhazini. Mdai anakwenda kituoni, anapewa RB, na mdaiwa anaitwa au kuchukuliwa. Akifika anaambiwa alipe au alale ndani.

Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai. Njia yake ni baraza la kata kwa usuluhishi, kisha mahakama ya mwanzo, ambako hakuna askari anayehitajika mpaka hukumu itolewe na kukaidiwa. Tatizo ni kwamba Kanuni ya Adhabu ina kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na mpaka kati ya aliyedanganya tangu mwanzo na aliyekopa kwa nia njema akashindwa ni mwembamba. Mdai anayejua kusimulia vizuri huugeuza mkopo kuwa utapeli kwa sentensi mbili. Askari aliye zamu, mwenye simu ya mdai sikioni na mdaiwa mbele yake, anakuwa mkusanya madeni bila hata kukusudia.

Hapa ndipo hati ingesaidia zaidi kuliko kwingine kokote. Deni la miezi sita halina dharura. Mdaiwa ana shamba, ana nyumba, ana watoto shuleni. Hatatoroka usiku huu. Kama kuna udanganyifu wa kweli, mpelelezi anao muda wa kuandika maelezo, kukusanya mikataba na kumshawishi hakimu.

Wakamataji wengine

Mgambo anapofanya kazi za polisi kwa mujibu wa sheria huhesabiwa kuwa ofisa wa polisi. Maana yake anabeba mamlaka pamoja na masharti: naye lazima ataje kosa, naye lazima amfikishe mtu kituoni. Ofisi ya kijiji si mahabusu.

Raia wa kawaida naye ana mamlaka, ingawa finyu. Kifungu cha 16 kinamruhusu kumkamata anayetenda mbele yake makosa yaliyotajwa katika kifungu cha 14, na mwenye mali anaweza kumkamata anayemharibia mali yake. Mkulima wa mbaazi anayemkuta mtu akimwingizia ng'ombe shambani kwa makusudi anaweza kumshikilia. Wajibu wake unaofuata ni mmoja: kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga, kumtoza faini papo hapo au kushikilia mifugo hadi alipe ni makosa mapya, na katika ukanda huu ambako migogoro ya wakulima na wafugaji imekuwapo tangu wafugaji walipohamishiwa kusini kutoka Ihefu na Usangu katikati ya miaka ya 2000, makosa hayo mapya yamekuwa chanzo cha vurugu kubwa kuliko kosa la mwanzo.

Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wana mamlaka chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ya kuamuru mtu ashikiliwe kwa muda usiozidi saa 48, pale mmoja wao anapoamini mtu huyo ataleta uvunjifu wa amani au ametenda kosa mbele yake. Anatakiwa kuandika sababu zake, na mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu ndani ya muda huo. Mamlaka haya yamelalamikiwa sana kwa kutumika dhidi ya watumishi waliochelewa kikaoni au wananchi waliouliza swali gumu mkutanoni. Tume ya Rais ya kuangalia haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi taarifa yake Julai 2023, iliyataja matumizi mabaya ya mamlaka haya na ikapendekeza sheria ibadilishwe.

Misimamo mitatu

Msimamo wa kwanza unasema mamlaka ya kukamata bila hati yabaki mapana. Hoja zake si nyepesi. Wilaya hizi ni kubwa, vijiji viko mbali na mahakama, na mhalifu wa pikipiki huvuka wilaya kwa saa moja. Mke aliyepigwa usiku hawezi kuambiwa asubiri hakimu aamke. Ukamataji wa haraka pia huokoa maisha ya mtuhumiwa mwenyewe, kwani palipo na wananchi wenye hasira kali lokapu huwa mahali salama. Udhaifu wake ni kwamba unachukulia kila kosa kuwa la dharura, na unategemea uadilifu wa mtu mmoja mwenye pingu.

Matokeo ya kutegemea uadilifu huo yalionekana karibu na nyumbani. Mwishoni mwa 2021 kijana mfanyabiashara wa madini, mkazi wa Nachingwea, alikamatwa na kupekuliwa na polisi Mtwara mjini, na fedha zake zikachukuliwa. Akawa anazidai. Januari 2022 aliuawa. Maofisa saba wa polisi walishtakiwa kwa mauaji, na Juni 2025 Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara iliwatia hatiani wawili na kuwahukumu adhabu ya kifo, ikiwaachia watano. Wakati taarifa za mauaji hayo zilipotikisa nchi mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alisema polisi hawawezi kujichunguza wenyewe na akaagiza iundwe timu nyingine.

Msimamo wa pili unadai hati kwa kila ukamataji, ila mtu akikutwa papo kwa papo. Nguvu yake ni kwamba jicho la mtu wa tatu, asiye na ugomvi na yeyote, hupitia sababu kabla uhuru haujaondolewa. Unakata mzizi wa ukamataji wa madeni na wa chuki. Udhaifu wake ni wa kivitendo. Mahakama za mwanzo hazipo kila kata na hakimu mmoja huhudumia eneo pana. Isitoshe, hati si dawa ya kila kitu. Hakimu aliyechoka anaweza kuzigonga mhuri kumi kwa dakika kumi. Na watu wanaoteka hawaombi hati. Sharti la karatasi haliwazuii, wataighushi au wataipuuza.

Msimamo wa tatu unatenganisha. Polisi akamate bila hati pale penye dharura: kosa linatendeka, mtu atatoroka, ushahidi utapotea, au mtu mwingine ataumia. Pasipo na lolote kati ya hayo, aite kwa wito au aombe hati. Uingereza ina kipimo cha namna hii. Tangu 2006 ofisa anayekamata bila hati lazima aonyeshe, zaidi ya kumshuku mtu, kwamba kumkamata kulikuwa kwa lazima. Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba ulazima nao unaweza kudaiwa kwa mdomo. Askari akiandika "alitaka kutoroka" katika kila jalada, kipimo kimekufa. Kwa hiyo hauwezi kusimama bila ukaguzi wa baadaye.

Kupima uzito

Ukiiweka misimamo hii juu ya ramani ya Nachingwea na Ruangwa, wa tatu ndio unaofaa, kwa sharti moja: mkazo uhame kutoka mlango wa kuingilia kwenda mlango wa pili. Mjadala wetu umekwama kwenye sekunde ya kukamatwa, ilhali madhara mengi huzaliwa katika saa zinazofuata. Mtu aliyekamatwa kimakosa saa mbili asubuhi na kuachiwa saa sita mchana amekosewa. Aliyekamatwa kihalali na kukaa siku tano bila hakimu kujua yuko hatarini zaidi: ndani ya siku hizo ndipo hupigwa, hutozwa na hulazimishwa kukiri.

Kwa mantiki hiyo kifungu kilicholala kuliko vyote ni cha 33. Kama kila asubuhi mkuu wa kituo angepeleka kwa hakimu orodha ya waliolala ndani, wakati, kosa na sababu, ukamataji wa deni ungeonekana siku ya kwanza. Hakimu hangehitaji gari wala bajeti mpya. Katika makao makuu ya wilaya, kituo na mahakama si mbali. Kwa vituo vya mbali simu inatosha. Tatizo la umbali, ambalo ni hoja halali dhidi ya kudai hati kabla ya kukamata, halina nguvu hiyo hiyo dhidi ya taarifa baada ya kukamata.

Kuna pia gharama iliyojificha. Marekebisho ya mwaka 2022 yalitaka upelelezi ukamilike kabla ya mashtaka kufunguliwa, isipokuwa kwa makosa makubwa. Lengo lilikuwa jema, kupunguza mahabusu wanaosota gerezani wakisikia "upelelezi haujakamilika". Lakini presha imehamia kituoni. Mtu hupewa dhamana ya polisi, kisha huambiwa aje Jumatatu, aje Alhamisi, aje wiki ijayo. Kwa mkazi wa kijiji cha mbali kila "njoo" ni nauli na siku ya palizi. Hakuna faida ya kudai hati mwanzoni kama mwisho wake ni kuripoti kusikokuwa na tarehe ya mwisho.

Suala la kuzurura, linalogusa kipengele cha anayekutwa usiku katika kifungu cha 14, nalo lipimwe. Makosa ya uzururaji katika Kanuni ya Adhabu yamewahi kutumika kuwazoa vijana wasio na kazi usiku. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kijana aliyekaa kijiweni saa nne usiku akisubiri abiria hana hatia kwa kukaa kwake.

Kwa muhtasari

Polisi anaweza kukukamata bila hati. Sharti ni kwamba jambo liwe miongoni mwa yaliyotajwa na sheria na awe na sababu za msingi anazoweza kuzieleza mbele ya hakimu. Lazima akutajie kosa. Nguvu isizidi mahitaji. Saa 24 ndizo kipimo cha kwanza cha kukuachia kwa dhamana au kukufikisha mahakamani, na dhamana ya polisi hailipiwi. RB si hati. Deni si jinai. Mtendaji wa kijiji hana mahabusu, na raia aliyekamata anakabidhi.

Kwa Bunge, kazi ni mbili: kuweka ukomo usio na "iwezekanavyo", kama walivyofanya Wakenya, na kuingiza kipimo cha ulazima kwa makosa yasiyo ya dharura. Kwa wakuu wa vituo na mahakimu wa Nachingwea na Ruangwa, hakuna haja ya kusubiri Bunge. Kifungu cha 33 kipo na kinatosha kuanza nacho kesho asubuhi.

Kwa msomaji, ukikamatwa usikimbie wala usipigane, hata kama unaona unaonewa, kwa maana kupinga kwa nguvu humpa askari sababu ambayo hakuwa nayo. Uliza jina lake, kituo anachokupeleka na kosa lako. Hakikisha mtu mmoja wa nyumbani anajua mambo hayo matatu na saa uliyochukuliwa. Saa 24 zikipita, ndugu waende kwa mkuu wa kituo, kisha kwa hakimu wa wilaya, na wasipopata jibu wamtafute mtoa msaada wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Andika saa. Bila saa iliyoandikwa, hakuna atakayejua muda wa kisheria umeisha lini.